Ng'ombe wa Mbegu za Chai

Katika shamba la chai la marehemu baba yangu, upande wa Roret, kuna mstari mmoja wa michai uliopandwa juu ya uwanja wetu wa vita. Ukipita hapo huoni kitu. Utaona majani, utaona wachunaji na vikapu vyao mgongoni. Mtu akikwambia kwamba hapo palikuwa na mashimo kumi na sita ambayo watoto wawili waliyapigania miaka mingi, utafikiri anazeeka vibaya. Mimi nimezeeka, lakini si vibaya. Nakumbuka.

Mchezo wenyewe kwetu unaitwa kechuiek. Waswahili wanauita bao, na majirani zetu waliotoka upande wa ziwa wana jina lao. Wengine wana ubao mzuri wa kuchongwa. Sisi tulichimba ardhini kwa kijiti, mashimo manane upande huu, manane upande ule, tukayapaka mavi ya ng'ombe ndani ili udongo usiporomoke, kama mama alivyopaka sakafu ya nyumba. Kila shimo ni boma. Mstari wangu ni nchi yangu, mstari wako ni nchi ya adui, na ile nafasi ya katikati ni mto. Kila boma linaanza na ng'ombe watatu. Unabeba ng'ombe wote wa boma moja, unawaacha mmoja mmoja katika maboma yanayofuata, ukizunguka. Yule wa mwisho akiingia boma lako lililo tupu, unavuka mto na kuteka wote waliolala ng'ambo yake. Waliotekwa unawaweka mapajani. Atakayekosa ng'ombe wa kutembeza ameshindwa, na siku hiyo yeye ndiye anayeteremka mtoni kuchota maji ya ndama.

Hiyo ndiyo ilikuwa vita yetu. Hakuna aliyekufa, lakini usidhani ulikuwa mchezo wa kuchekacheka. Nimeona watu wazima wakiacha kusalimiana wiki nzima kwa ajili ya boma moja.

Ng'ombe wetu walikuwa mbegu za chai. Watu wa siku hizi hawajui hata kwamba chai ina mbegu, kwa sababu miche yao inatoka kwa vipandikizi. Zamani shamba kubwa la wazungu lililopakana na letu lilikuwa na michai iliyoachwa bila kukatwa mpaka ikawa miti mirefu, na wafanyakazi waliokota mbegu zake chini. Mbegu moja ni ya mviringo, rangi ya kahawia, kama ncha ya kidole gumba. Ukiishika kila siku inang'aa yenyewe kwa mafuta yake. Zetu zilikuwa arobaini na nane. Leo naweza kusema hivyo bila kutetemeka. Wakati huo nisingesema.

Kwa maana babu yangu, baba yake baba, alikuwa na sheria moja juu ya mchezo huo, na sheria yenyewe ilitoka kwa ng'ombe wa kweli. Kwetu mtu hahesabu ng'ombe. Unasimama mlangoni jioni, wanaingia, na macho yako yanajua nani hayupo. Kuhesabu kwa kidole au kwa mdomo ni kuita ugonjwa, ni kuita chui. Watoto vilevile. Mpaka leo karani wa sensa akija kwangu Merigi nilikoolewa kuniuliza nimezaa wangapi, namtajia majina, ahesabu mwenyewe, dhambi iwe yake. Basi babu akasema hata ng'ombe wa mbegu ni ng'ombe. Anayehesabu katika kechuiek anapoteza mstari wake wote, hapo hapo, bila kesi. Alituambia vijana wa wakati wake walijifunzia vita kwenye mashimo hayo, na mtu aliyehitaji kuhesabu kabla ya kwenda kuteka alikuwa mtu wa kuachwa nyumbani alee kuku.

Adui yangu alikuwa ndugu yangu. Baba alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu, huyo, mkubwa wangu kwa miaka miwili. Mimi nilitolewa shule darasa la tatu kwa sababu ng'ombe hawawezi kujichunga, na yeye akaendelea. Sikulia. Asubuhi nilichunga peke yangu, na mchana yeye akitoka shule alinikuta malishoni, akatupa kibeti chake cha vitabu kwenye nyasi, akakaa upande wake wa mto bila hata kusalimia.

Alinishinda. Nasema alinishinda kila mara, na msomaji asifikiri naongeza chumvi. Miaka kama mitatu hivi sikumshinda hata mara moja. Boma likiwa na ng'ombe wawili, watatu, wanne, mimi pia nilijua kwa kutazama tu atafika wapi. Lakini boma likijaa, likiwa na lundo la kumi au zaidi, macho yangu yalichanganyikiwa. Yeye hakuchanganyikiwa. Alitazama lile lundo, akakuna goti, akalibeba, na wa mwisho akaanguka palepale alipotaka. Nilimwamini kuwa ana jicho la mchungaji alilorithi kwa babu. Nilimwonea wivu jicho hilo kuliko shule yake.

Na alikuwa na mdomo. "Boma lako limebaki na kupe tu," aliniambia akichota mbegu zangu. Au alijifanya mgeni aliyepotea njia, akauliza kwa adabu sana, "Mama, hapa kuna watu wanaishi, au ni mahame?" Nilimrushia donge la udongo. Halafu nilishika debe nikateremka mtoni, na maji yale nilikuwa nimeyateka miaka yote hiyo mpaka ndama walipoona debe walinifuata mimi, si yeye.

Kisha ikafika ile Novemba. Nilisikia mama akiongea na mke wa jirani juu ya mtama wa kusaga na asali ya kununua, na nikajua bila kuambiwa. Shule zikifungwa, ndugu yangu angeingia tohara.

Lazima nieleze maana yake, kwa sababu wajukuu wangu wanakwenda tohara leo, na wiki mbili baadaye wako nyumbani wanaangalia televisheni na dada zao. Sivyo ilivyokuwa. Kijana aliingia menjo, ile nyumba ya wavulana huko msituni, akakaa humo wiki nyingi bila kuonwa na mwanamke yeyote. Aliyetoka hakuwa yule aliyeingia. Alikuwa mwanamume. Hakulala tena nyumba ya mama yake, hakuingia jikoni, na hakukaa chini kwenye vumbi na msichana kuchezea mbegu. Nilimwona rafiki yangu mmoja siku ndugu yake alipotoka. Alimkimbilia, na kijana akampita kama anapita nguzo ya ua. Hakuwa na hasira naye. Ndivyo ilivyotakiwa.

Kwa hiyo nilikuwa na wiki tatu. Katika wiki tatu nimshinde ndugu yangu mara moja tu, au nisimshinde mpaka niingie kaburini. Sikutaka kingine. Wasichana wenzangu walikuwa wanafikiria shanga.

Mama alikuwa akiuza maziwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa, na mimi ndiye niliyeyapeleka alfajiri. Mteja wetu mmoja alikuwa mama aliyetoka upande wa ziwa, mchuna chai, mwanamke mnene wa vicheko ambaye alijua Kipsigis chetu cha kununulia maziwa na Kiswahili cha mambo mengine yote. Mbegu zetu zenyewe yeye ndiye aliyetupatia. Siku moja nilimkuta mlangoni akicheza na mwenzake kwenye ubao, mchezo ule ule wetu kwa sheria zao, na nikasikia kitu kilichonisimamisha nywele. Alikuwa akihesabu. Kwa sauti. Aligusa mbegu moja moja kwa kidole, nyumba ya adui, nyumba yake, moja, mbili, tatu, mpaka tisa, akacheka, akateka.

Nilimuuliza kama haogopi. Akaniuliza aogope nini, kwani mbegu zitaharisha? Nikamweleza sheria ya babu. Alisikiliza vizuri, hakumcheka babu, kisha akaniambia kila watu na nyumba yao, lakini katika mchezo huu asiyehesabu anapigana gizani. Tangu siku hiyo, nikifikisha maziwa, alinipa dakika chache kabla ya kwenda kuchuna. Alinionyesha kwamba boma lenye ng'ombe kumi na sita linazunguka na kurudi lilipotoka, na la kumi na tano linaishia nyuma yake. Alinifundisha kuhesabu kwanza maboma ya adui, kisha yangu. Nilikuwa na tarakimu zangu za darasa la tatu, zote za Kiswahili, tulizojifunza kwa vijiti. Sikuwa nimewahi kuzitumia kwa kitu chenye uhai.

Na hapo ndipo nilipojidanganya, kosa ambalo nadhani mtoto wa kwetu tu anaweza kulifanya. Nilijiambia kwamba babu hajui Kiswahili. Sheria yake ni ya Kipsigis. Chui wa kwetu, ugonjwa wa kwetu, watasikiaje tarakimu za shule? Nikihesabu kwa Kiswahili, tena moyoni, sijahesabu.

Siku ya mwisho ilikuwa alasiri ya kabla ya siku ya kunyolewa nywele, ambako hutangulia tohara. Ndugu yangu alitakiwa kuwa anapasua kuni na vijana wenzake. Aliwatoroka. Alikuja malishoni bila kusema kwa nini amekuja, akakaa upande wake, akaanza kugawa mbegu tatu tatu. Hakuwa na mzaha siku hiyo.

Nikacheza kama nilivyofundishwa. Moyoni nilisema moja, mbili, tatu, nikazunguka, nikaangukia patupu, nikateka wanne. Yeye akateka watatu. Nikateka sita. Nilihesabu boma lake kubwa kabla hajalibeba, nikaona linaelekea wapi, nikaondoa ng'ombe wangu njiani kabla hajafika. Akanitazama. Hakuwahi kunitazama hivyo. Jua lilikuwa bado juu na mapaja yangu yalikuwa mazito kwa mbegu. Nilikuwa na boma moja limejaa, kumi na moja, na lingemaliza kila kitu. Nilijua. Ila nilitaka uhakika, nikarudia kuhesabu pole pole.

"Umehesabu," akasema.

Nikamwambia sijahesabu.

"Midomo yako inatembea."

"Nimehesabu kwa Kiswahili," nikasema. "Kwa Kiswahili si kuhesabu."

Nilitegemea acheke, au ainuke aende kumwita babu. Hakuweza kumwita babu, kwa sababu angeulizwa anafanya nini hapa na msichana siku kama hii. Ng'ombe mmoja wa kweli alikuja karibu kunusa mashimo, ndugu yangu akamfukuza kwa kiwiko. Kisha akasema jambo ambalo sikulielewa.

"Basi hesabu kwa sauti. Wote. Wako na wangu. Nisikie."

Kesho angenyolewa, na keshokutwa alfajiri angesimama mbele ya kisu, na hakutakiwa hata kupepesa jicho. Ningehesabu ng'ombe wa mtu kwa sauti, mtu anayekwenda huko? Kwa Kiswahili, kwa Kipsigis, kwa Kizungu, ghafla ikawa kitu kimoja. Ile hoja yangu ya tarakimu za shule ilikauka mdomoni.

"Sihesabu," nikasema.

"Hesabu, wewe."

"Sitaki."

Nikachota ng'ombe wangu wote, wa mapajani na wa mashimoni, nikawavusha mto, nikawamwaga upande wake. Ndivyo sheria ilivyosema. Ameshinda. Nikachukua debe. Alibaki amekaa, hakunikejeli, na niliporudi na maji alikuwa amekwenda na mbegu amezichukua.

Alisimama vizuri mbele ya kisu. Hakupepesa. Wanaume walimsifu, na mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Mimi wiki zote za menjo niliamka kila asubuhi nikisubiri habari mbaya, kwa sababu ya zile hesabu za moyoni, na kila asubuhi nilijiambia heri sikuzitoa kwa mdomo. Habari mbaya haikuja. Alipotoka alikuwa mrefu na mwembamba, akanisalimu kama inavyotakiwa, kwa mbali, na mimi nikainamisha kichwa kama inavyotakiwa. Mwaka uliofuata baba alipimiwa shamba, vigingi vikapigwa mstari mmoja mrefu kupita malishoni, na mashimo ya michai yakachimbwa. Ng'ombe wakapunguzwa wakabaki wawili, wa kufungwa. Miaka michache baadaye niliolewa Merigi.

Nimetaka mchezo ule maisha yangu yote. Sisemi utoto, maana utoto wangu ulikuwa na viroboto na baridi, siutaki. Nataka ule mchezo. Nataka uzito wa mbegu kwenye sketi na kelele ndogo zinapoanguka, tok, tok, tok, na adui wangu akikuna goti. Nililea watoto, nilichuna chai, nilizika mume, na mara nyingi mikono ikiwa katika majani mawili na kichipukizi niligundua kwamba kichwani nalitembeza boma lile la kumi na moja.

Mwaka jana nilikwenda Roret kukaa siku chache kwa ndugu yangu. Magoti yamemwisha, anatembea na fimbo mbili. Watu wakishazeeka, yale makatazo yanalegea yenyewe, na sasa tunakaa benchi moja tukinywa chai kama watu waliotoka tumbo moja. Mke wa mwanawe alikuwa jikoni. Sijui kilichonisukuma. Labda ni kwa kuwa alikuwa amenishinda katika ubishi mwingine, wa bei ya mbolea. Nikamwambia siku ile ya mwisho kwenye mashimo ningemshinda.

"Najua," akasema.

"Unajuaje?"

"Nilikuwa nimehesabu."

Nilidhani masikio yananidanganya. Nikamuuliza amesema nini. Akasema alihesabu siku ile, na siku nyingine zote. Tangu darasa la pili. Alikuwa akikuna goti huku anahesabu, kila mkuno mmoja.

Nikaweka kikombe chini. Miaka yote hiyo nimewasimulia watoto wangu juu ya jicho la mjomba wao. Nimewaambia wajukuu! Nikamwita mwizi wa ng'ombe, nikamwambia kwa sheria ya babu yeye ndiye wa kuchota maji, na maji ya miaka mitatu, debe kwa debe, alipie kwa hizo fimbo zake. Yule mke wa mwanawe akatoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza kwa wasiwasi, "Senge, ni ng'ombe gani wameibwa?" Senge ni shangazi, ndivyo anavyoniita. Ndugu yangu akamwambia arudi jikoni, ni kesi ya zamani.

Nilipotulia nikamuuliza kwa nini basi alitaka nihesabu kwa sauti, yeye aliyejua idadi tayari. Alizungusha fimbo mikononi.

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Nimehesabu miaka yote hiyo, na naenda kwa kisu. Nilisema ukihesabu na wewe, nikusikie, tutakuwa wawili."

"Na mimi nikakataa."

"Ukanipa ng'ombe wote. Nikaenda nao peke yangu."

Niliwahi kujisifu moyoni kwa ile siku, nilijiona nimemlinda. Kumbe nilimwacha. Ningejuaje? Nilitaka kumwambia hivyo, nikaona haisaidii, tukasikiliza sufuria huko jikoni.

Halafu akauliza, "Walikuwa wangapi?"

Niligeuka kutazama mlango kabla sijajibu. Mzee mzima kama mimi.

"Wangu thelathini na watatu," nikasema kwa sauti. "Wako kumi na watano."

"Kumi na wanne."

"Kumi na watano."

"Dada, mimi nilikuwa na shule. Ulikuwa na thelathini na wanne."

Nikamwambia shule yake ndiyo iliyompoteza. Akasema boma langu la pili kutoka mwisho lilikuwa na ng'ombe watatu, nikasema wawili, akasema watatu, mmoja alikuwa mweusi kuliko wenzake. Nikamwambia huyo mweusi alikuwa mapajani kwangu tangu mwanzo. Hatukupatana. Tukaanza upya kutoka boma la kwanza, mimi nikitaja na yeye akipinga, na chai ikapoa hapo tulipoiweka.